Kubadili mlango wa mbele Tabora: piga hesabu kabla hujamwita fundi

Ukiingia karakana yoyote ya useremala Tabora mjini ukauliza bei ya mlango, fundi hakutajii bei. Anakuuliza kwanza: "Mtupu au na fremu?" Watu wengi hujibu haraka kwamba na fremu, kwa kuamini mlango mpya lazima uende na fremu mpya. Hapo ndipo hela inapoanza kuvuja, maana fremu ikishang'olewa unamhitaji fundi mwashi, saruji, mchanga na rangi ya ukuta, na vyote hivyo havikuwemo kwenye bei uliyotajiwa karakana.

Mwongozo huu unahusu mlango wa kawaida wa mbele, upana futi 3 na urefu futi 7, kwenye ukuta wa tofali za kuchoma au za saruji. Sikutajii bei ya mwisho, kwa kuwa mbao ya Agosti na mbao ya Februari hazina bei moja, na karakana mbili zinazotazamana hutofautiana. Nakupa hesabu yenyewe. Wewe utaweka bei ya siku unayonunua.

1. Kwanza hakikisha mlango umekufa kweli

Mlango unaokwama Januari na kufunguka vizuri Agosti haujafa. Umekunywa maji ya mvua ukavimba. Dawa yake ni randa, msasa na vanishi, kazi ya nusu siku. Mlango unaoburuza sakafu upande wa kitasa mara nyingi una bawaba zilizochoka au skrubu zilizolegea. Toa bawaba ya juu, ziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, acha vikauke, halafu funga upya kwa skrubu ndefu zaidi.

Kama nyumba ni ya zamani na mlango ni wa mninga, usikubali kirahisi unapoambiwa "huu tupa". Kwangua rangi sehemu ndogo uone kilicho chini. Mninga wa zamani ukipigwa randa unarudi kahawia inayong'aa, na mara nyingi ni mkavu na mnene kuliko wowote utakaouziwa leo. Nimeona mlango wa namna hiyo unaondolewa na kwenda kufungwa kwenye banda la mbuzi, huku mbele ya nyumba kukiwekwa wa mbao mbichi uliopasuka kabla ya mwaka kwisha. Fundi anayekuhimiza utupe mlango mzito, muulize kama yuko tayari kuununua. Akikubali upesi, umeshajua thamani yake.

Mlango uliokufa ni ule ulioliwa na mchwa kwenye mbao za wima, uliopasuka pale kitasa kinapokaa, au uliobonyea kama papai lililoiva sehemu ya chini. Huo badilisha.

2. Chunguza fremu, na usiwe na haraka hapa

Chukua bisibisi ya ncha bapa. Piga magoti, anza kuchoma mguu wa fremu pale unapokutana na sakafu, kisha panda taratibu hadi usawa wa goti. Choma upande wa ndani na wa nje, miguu yote miwili. Mbao nzima inakataa bisibisi na kubaki na alama ndogo tu. Iliyooza au kuliwa inaipokea kama mkate, na ukigonga inatoa sauti ya debe tupu. Mchwa wa Tabora wana tabia ya kula kutokea ndani na kuacha ganda la rangi, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi.

Ukishachoma, utakuwa kwenye moja ya hali tatu.

Fremu nzima yote: iache. Agiza mlango mtupu. Hakuna sababu ya kubomoa ukuta ili rangi ya mbao zifanane. Vanishi ya rangi inamaliza hilo.

Miguu imeoza sentimita 20 au 30 tu za chini: fremu bado inaokoka. Seremala anakata mguu kwa mshazari juu ya sehemu iliyooza, anaunga kipande kipya cha mninga kwa gundi na skrubu, anapiga randa pale kiungo kilipo. Ukipaka rangi huoni kitu. Mafundi wengine hawaipendi kazi hii, kwa kuwa inachukua muda na malipo yake ni madogo kuliko fremu mpya. Tafuta anayeikubali, wapo.

Fremu imeoza hadi usawa wa kitasa, au imelegea ukutani kiasi kwamba ukiusukuma mlango fremu inatikisika nzima: hiyo ng'oa. Lakini kama nyumba ni ile ya zamani ya tofali zilizojengewa udongo, mwite mwashi kwanza atazame juu ya mlango. Kwenye baadhi ya nyumba hizo hakuna linta ya zege, na fremu ndiyo inayobeba tofali za juu. Ukiing'oa bila kuweka nguzo za kushikilia, utajenga ukuta ambao hukuupangia.

3. Pima tundu, usipime mlango wa zamani

Mlango wa zamani umeshapigwa randa mara nyingi. Vipimo vyake ni vya uongo. Pima ndani ya fremu. Upana upime juu, katikati na chini. Urefu upime kushoto na kulia. Halafu pima pembe kwa pembe, kwa mikono yote miwili ya msalaba: namba zikilingana fremu iko sawa, zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja fremu imelala, na fundi lazima ajue kabla hajakata mbao.

Chukua upana mdogo kuliko wote. Kama juu ni sentimita 91, katikati 90 na chini 89, mlango haukai kwa 91. Namba ziandike kwenye karatasi, piga picha, fundi naye abaki na nakala. Ugomvi mwingi wa "mlango umekuja mdogo" unatokana na vipimo vilivyosemwa kwa simu.

4. Chagua mti

Tabora ina bahati hapa. Misitu ya miombo ya Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua ndiyo nyumbani kwa mninga, na mninga una sifa moja inayoufaa mlango wa nje kuliko miti mingi: ukishakauka, hausinyai wala kuvimba sana. Mvua za Novemba hadi Aprili zinapokuja baada ya ukame mrefu, mlango wa mninga unabaki unafunga. Tena mchwa hawaukimbilii.

Mkora nao ni mgumu na unadumu, ukiupata. Mkurungu ni ndugu wa mninga, mzito, na unaujua zaidi ukielekea upande wa Kigoma. Mtundu ni wa bei nafuu na umejaa miombo yote, lakini hupinda wakati wa kukauka na mchwa wanaupenda. Kwa mlango wa chumbani sawa, kwa wa mbele hapana. Paini ya Sao Hill na Mafinga inafika Tabora kwa malori na ni nyepesi kufanyia kazi. Isipotiwa dawa, kuiweka mbele ya nyumba ni kuwalisha mchwa.

Kuna watakaokushauri mlango wa chuma wa kiwandani unaokuja na fremu na kitasa chake. Faida yake ni kwamba bei yake ni moja na hauna mbao mbichi. Hasara yake ni kwamba lazima ung'oe fremu ya zamani, bati lake kwa mengine ni jembamba, na kitasa kikiharibika si kila duka lina cha kufanana. Mlango unaopigwa na jua la mchana bila kibaraza utaungua mkono ukiushika. Mimi bado ni mtu wa mbao, na geti la nondo mbele yake.

Kuhusu bei ya mninga kupanda: mti huu hukua polepole mno, hauvunwi leo ukapandwa kesho ukavunwa tena. Mwishoni mwa 2022 miti yote ya jamii ya mninga inayoota Afrika iliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama. Hilo halikuzuii kununua mlango wako Tabora, ila linakuonyesha kwamba mbao hii haitarudi kuwa rahisi.

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni na udai risiti. Mbao za njia za panya huuzwa kwa bei ya kutamanisha, lakini zikikamatwa na watu wa maliasili zikiwa kwenye guta lako, hasara ni yako. Kusafirisha mazao ya misitu kunahitaji kibali, hivyo kama unatoa mbao wilayani kuleta mjini, mwambie muuzaji akupe karatasi zote kabla hujapakia.

5. Mbao kavu

Hapa ndipo milango mingi inapoharibikia. Mbao mbichi inakatwa leo, wiki ijayo ni mlango, baada ya miezi mitatu paneli zimepasuka na viungo vimeachia.

Njia rahisi ya kujua: omba kipande kilichobaki cha mbao hiyohiyo, kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito kwa kalamu juu ya kipande chenyewe. Kiweke ndani ya nyumba mahali penye hewa, kipime tena baada ya wiki mbili. Kikipungua sana, mbao bado ina maji. Kisipopungua au kikipungua kidogo sana, endelea. Mafundi watakucheka. Waache wacheke.

Kwa sababu hiyo, mwezi mzuri wa kununua mbao ni kuanzia Julai hadi Oktoba, hewa ikiwa kavu na barabara za msituni zinapitika. Ugumu wake ni kwamba huo ndio wakati wakulima wa tumbaku wanapokuwa na fedha na kila mtu anajenga, mafundi hawashikiki. Nunua mbao mapema, zipange chumbani kwa vijiti vya kutenganisha, umsubiri fundi.

6. Sasa hesabu

Mlango wa paneli wa futi 3 kwa 7 unakula mbao hivi. Mbao mbili za wima za futi 7 zinafanya futi 14. Mbao tatu za mlalo za futi 3 zinafanya futi 9. Mhimili wa katikati unachukua kama futi 5. Jumla futi 28 za mbili kwa sita, yaani unene inchi mbili na upana inchi sita. Paneli zinachukua kama futi 11 za moja kwa kumi. Fremu, kama unaifanya upya, ni miguu miwili ya futi 7 na kichwa cha futi 3, pamoja na masalia ya kuingia ukutani: futi 18 za mbili kwa sita. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya mbao zinazoharibika.

Tufanye mfano. Namba hizi ni za kufundishia, si bei ya soko: tuseme mbili kwa sita ni shilingi 3,000 kwa futi, na moja kwa kumi ni shilingi 2,500 kwa futi.

Mlango mtupu: futi 31 mara 3,000 ni 93,000. Paneli futi 12 mara 2,500 ni 30,000. Mbao jumla 123,000.

Mlango na fremu: futi 51 mara 3,000 ni 153,000. Ukijumlisha paneli 30,000 unapata 183,000.

Tofauti kwenye mbao ni shilingi 60,000. Wengi huishia hapo, wanasema si kubwa. Endelea kuandika chini yake: mwashi wa kung'oa na kupachika, saruji, mchanga, vyuma vya kushikilia fremu ukutani, lipu ya pande zote mbili, rangi ya kufunika lipu mpya, na kwa kuwa rangi mpya haifanani na ya zamani, rangi ya ukuta mzima wa mbele. Ukimaliza kuandika, linganisha na gharama ya kuunga miguu miwili ya fremu.

Halafu kuna mistari ambayo haikosi kwa kila mlango: ufundi wa seremala, bawaba, kitasa, komeo, skrubu, gundi, msasa, vanishi na tina, usafiri wa guta au mkokoteni, na kazi ya kufunga. Ya mwisho iulizie wazi. Mafundi wengine wanaihesabu ndani ya ufundi, wengine wanaidai siku hiyo mlango ukiwa umeegemezwa ukutani na jua linazama, na hapo huna pa kukimbilia.

Nakshi ni mstari wa peke yake. Ukitaka mlango uliochongwa kama ile ya tembe la Kwihara, nyumba ya kale alimokaa Livingstone karibu na Tabora, unalipia siku za mchongaji, na mbao lazima iwe nene zaidi.

7. Ongea na fundi kwa karatasi

Mazungumzo yenyewe huenda hivi, fundi akianza:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mlango mtupu wa mninga, vipimo hivi hapa. Unanifanyia kiasi gani?"

"Mninga mtupu au mchanganyiko, mama?"

"Mchanganyiko kivipi?"

"Hizi za pembeni mninga, paneli naweka mtundu. Ukishapigwa vanishi huwezi kujua."

"Mimi sitajua, mvua itajua. Niandikie bei mbili, ya mninga mtupu na ya huo mchanganyiko wako. Na uandike mbao gani inakaa wapi."

Ukishakuwa na karatasi hiyo, tafuta nyingine kwa fundi wa pili, mtaa mwingine. Linganisha mstari kwa mstari. Bei ndogo ya jumla mara nyingi inatokana na mbao ya wima ya inchi nne badala ya sita, na kwenye inchi nne kitasa kikishatobolewa kinabaki kiwambo chembamba ambacho teke moja linakimaliza.

Kuhusu malipo, mimi napendelea mwenye nyumba anunue mbao na vyuma mwenyewe, fundi alipwe ufundi tu. Kama huna nafasi hiyo, toa fedha ya mbao kwanza na uzione mbao. Sehemu ya pili itoke mlango ukiwa umeunganishwa lakini haujapakwa vanishi, ili ukague viungo: ulimi uingie kwenye tundu na ukazwe, siyo kupigiliwa misumari kwa pembeni na kuzibwa vumbi la mbao na gundi. Sehemu ya mwisho, isiyo ndogo, itoke mlango ukiwa umefungwa na ufunguo unazunguka.

8. Vyuma

Mlango huu wa mninga una uzito wa kilo 40 na ushei. Bawaba tatu za inchi nne, siyo mbili. Skrubu za kweli, siyo misumari. Mninga ni mgumu: toboa kwanza tundu jembamba, kisha paka skrubu nta ya nyuki, kitu ambacho Tabora hakijawahi kuadimika. Skrubu inaingia laini na haikatiki kichwa.

Kitasa cha mlango wa mbele kiwe na vibati vingi ndani, vile vinavyoinuliwa na ufunguo, vitatu au zaidi. Cha viwili ni cha chumbani. Kishike mkononi, kile chepesi mno kirudishe. Jaribu funguo zote ulizopewa palepale dukani, na uangalie bati linalopokea ulimi wa kitasa kwenye fremu. Likiwa bati laini lenye skrubu fupi, nunua skrubu ndefu uzifunge hizo badala yake. Wezi hawahangaiki na kitasa, wanapiga fremu.

9. Siku ya kufunga

Anza asubuhi. Mlango wa zamani usitolewe mpaka mpya umefika, na fundi amekuja na vifaa vyote, pamoja na pima maji. Kama fremu pia inabadilishwa, fremu ifungwe siku moja, mlango wa zamani uegemezwe na kufungwa kwa muda kwa ndani, saruji ikae, kisha mlango mpya ufuate. Usiuning'inize mzigo wa kilo 40 kwenye saruji ya jana.

Miguu ya fremu mpya isimame juu ya zege, isizikwe kwenye udongo. Upande unaogusa ukuta upakwe dawa ya mchwa kabla ya kupachikwa, maana baadaye huufikii tena.

Nafasi kati ya mlango na fremu iwe kama milimita 3 kila upande, na chini kama milimita 8. Ukifunga Septemba, usikubali fundi aubane mno ili "ukae vizuri". Chini kwa nje weka kibao cha mshazari cha kumwaga maji, hasa kama huna kibaraza.

10. Vanishi, na mvua za kwanza

Kabla mlango haujatundikwa, paka vanishi ukingo wa juu na wa chini. Ukingo wa chini hauonekani, kwa hiyo fundi anauruka, na ndiko maji yanakoingilia. Pitisha kiganja chini ya mlango ukiwa bado umelazwa. Kikitoka na vumbi la mbao, haujapakwa. Piga mikono mitatu nje, msasa laini kati ya mkono na mkono.

Novemba ikifika na mlango ukaanza kugusa, usimwite fundi aje apige randa ukingo mzima. Paka chaki ukingo wa fremu, funga mlango, fungua. Chaki itahamia pale panapogusa tu. Hapo ndipo pa kukwangua, na siku hiyohiyo pakae vanishi tena kabla mvua ya jioni haijapaona.